Kijapani kwa kidole gumba: michezo ya maneno ya simu hufundisha nini hasa?

Skrini inakuonyesha alama 猫, na chini yake majibu manne: mbwa, gari, maji, paka. Unabonyeza paka, kengele inalia, pointi zinaongezeka. Je, umeijua 猫? Si lazima. Kama 犬, 車 na 水 ulishazizoea tangu wiki iliyopita, basi mbwa, gari na maji vimejiondoa vyenyewe na paka kabaki peke yake. Jibu ni sahihi, lakini kesho ukikutana na 猫 kwenye kibao cha dukani, bila majibu manne chini yake, huenda ukaitumbulia macho tu.

Swali la kama mtu anaweza kujifunza Kijapani kwa kucheza gemu za simu huulizwa kila siku na hujibiwa ovyo. Wengine wanaapa kwamba inawezekana, wengine wanasema ni kupoteza bando. Wote wanazungumza kana kwamba Kijapani ni mzigo mmoja, unaobebwa wote au kuachwa wote. Kuna sauti. Kuna alama zinazoandika sauti hizo. Kuna alama zinazobeba maana, na kuna namna alama hizo zinavyosomwa, ambayo hubadilika kutoka neno hadi neno. Kisha ndipo yanakuja maneno yenyewe. Gemu moja hufundisha sehemu moja ya hayo, tena kile tu ambacho kidole chako kinakifanya. Ukichagua jibu, unajifunza kuchagua. Ukiandika, unajifunza kuandika. Ukitaka kujua gemu fulani inakupa nini, achana na sifa zake kwenye ukurasa wa kupakulia, tazama kidole.

Ba be bi bo bu

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu kwa pamoja, mara nyingi ndani ya sentensi moja. Hiragana ina alama 46 za msingi, na ndiyo inayoandika viambishi na maneno mengi ya kawaida. Katakana nayo ina 46 kwa sauti zilezile, ila sura zake zina pembe pembe. Kazi yake kubwa ni maneno ya kigeni pamoja na majina ya watu na miji ya nje. Mifumo hii miwili kwa pamoja huitwa kana. Wa tatu ni kanji, alama zilizotoka China, na hizo zina habari yake.

Mtu aliyejifunza kusoma kwa kuimba "ba be bi bo bu" haoni ugeni mkubwa kwenye kana. Kila alama ni silabi nzima: か ni ka, き ni ki, く ni ku, け ni ke, こ ni ko. Irabu ni tano zilezile zetu, ingawa Wajapani huzipanga a, i, u, e, o. Wanaotoka kwenye Kiingereza hupata taabu kuitamka "o" ya Tokyo bila kuikunja. Mswahili huitamka sawa siku ya kwanza. Hata maneno ya kigeni tunayapokea kwa tabia moja. Neno lilelile la Kiingereza sisi tulilifanya basi, wao wakalifanya basu, バス. Hoteli kwao ni hoteru, ホテル. Lugha zote mbili hazipendi neno liishie na konsonanti, kwa hiyo kila moja ilitafuta irabu ya kulifungia.

Hapa kwenye kana ndipo gemu inapofaa kuliko pengine popote. Alama ni chache, zina mwisho, kila moja ina sauti yake, na kinachotakiwa ni kasi: uone ね usikie "ne" papo hapo. Zile gemu ambazo alama zinashuka kutoka juu na wewe unaandika sauti kabla hazijafika chini ni za kitoto, na zinafanya kazi vizuri sana. Mtu anayecheza dakika chache kila siku humaliza hiragana ndani ya wiki chache.

Shida huanza pale gemu inapokuhurumia. Kuna zinazoandika matamshi kwa herufi za Kilatini chini ya kila alama, "neko" chini ya ねこ, na zinaendelea kufanya hivyo hata hatua ya ishirini. Jicho halina aibu, litasoma kilicho rahisi. Ukiona herufi hizo haziwezi kuzimwa, tafuta gemu nyingine. Halafu kuna suala la alama zinazofanana. Katakana シ ni shi, ツ ni tsu, ソ ni so, ン ni n. Kwenye シ vistari vidogo viwili vimepangana juu na chini upande wa kushoto, na mstari mrefu unapigwa kutoka chini kupanda. Kwenye ツ vistari vimepangana ubavu kwa ubavu juu, na mstari mrefu unashuka. Gemu iliyotengenezwa na mtu anayejua kazi itakuwekea シ, ツ, ソ na ン kwenye swali moja. Iliyotengenezwa kwa haraka itakuchanganyia シ na マ, ハ na エ, nawe utapata alama zote bila kuwahi kuitazama シ vizuri. Dawa ya hili iko nje ya simu, kwenye karatasi. Mkono ukishapiga mstari wa kupanda na wa kushuka mara kadhaa, alama hizo haziwi pacha tena.

Ipo "gemu" moja ambayo si gemu na ambayo ningempa mwanafunzi wa kana kabla ya zote: kibodi ya Kijapani ya simu. Wajapani wengi hawatumii kibodi ya Kilatini kwenye simu. Wana vitufe kumi vikuu, あ, か, さ, た, な, は, ま, や, ら, わ, na kila kimoja kina familia yake. Ukigusa か unapata ka. Ukigusa na kutelezesha kidole kushoto unapata ki, juu ku, kulia ke, chini ko. Basi kuandika neko, paka wetu wa mwanzo, unagusa な na kutelezesha kulia, ね, kisha unagusa か na kutelezesha chini, こ. Imekuja bure ndani ya simu, haina matangazo, na inakulazimisha kuitoa alama kichwani badala ya kuitambua tu. Ikishakukaa kidoleni, mpangilio wote wa silabi za Kijapani umekaa pia, na huo ndio mpangilio wa kamusi zao.

Kitu kimoja ambacho gemu za kuona tu haziwezi kukupa ni urefu wa sauti. Obasan na obaasan, おばさん na おばあさん, zinatofautiana kwa "a" moja, na tofauti hiyo ndiyo inayomtenga shangazi na bibi. Mswahili hana sababu ya kulalamika hapa, kwa kuwa lugha yake inatenganisha kufa na kufaa kwa njia hiyohiyo. Kigumu zaidi ni ile っ ndogo, inayosimamisha pumzi kidogo kabla ya konsonanti: kite, きて, ni "njoo", na kitte, きって, ni stempu ya barua. Ongeza mazoea yetu ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kiasi kwamba Yokohama inatoka kinywani na "ha" nzito, jambo ambalo Mjapani halifanyi. Yeye hupandisha na kushusha sauti tu. Gemu isiyo na sauti ya mtu halisi haitagusa hata moja ya haya.

Gemu za Wajapani wenyewe

Watu huchanganya aina mbili za michezo: iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kijapani, na ya maneno ambayo Wajapani wenyewe hucheza. Ya pili inavutia zaidi, na ina mitego yake.

Wa kale na unaojulikana zaidi ni shiritori, ambao hauhitaji simu, ingawa leo uko tele kwenye simu. Mmoja anataja neno, anayefuata anataja linaloanza na kana iliyofunga la kwanza. Ringo (tofaa) inaishia na go, basi inafuata gorira (gorila), inayoishia na ra, kisha rappa (tarumbeta). Anayetaja neno linaloishia na ん ameshindwa, kwa sababu hakuna neno la Kijapani linaloanza na ん. Raion, simba, limemwangusha mtoto mmoja baada ya mwingine. Lakini wachezaji wabishi wana njia ya kutokea, nayo inapitia Afrika. Mji mkuu wa Chad kwa katakana ni ンジャメナ, na bonde letu la Ngorongoro ni ンゴロンゴロ. Majina yote mawili yanaanza na ン, na hoja ya kwamba mchezo umekwisha inageuka kuwa ubishi. Kwa anayejifunza, faida ya shiritori ni kwamba kichwa kinatafuta neno kwa sauti yake ya mwanzo, bila picha wala tafsiri ya kumsaidia. Ni mazoezi magumu, na ndiyo maana yanafaa.

Kampuni ya Namco ilitoa mwaka 2001, kwenye mashine za kumbi za michezo, mchezo unaoitwa Mojipittan, ambao baadaye ulihamia kwenye vifaa vya nyumbani na simu. Unapewa vigae vya hiragana na unavipanga kwenye ubao ili vitengeneze maneno. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuweka kigae kwa kubahatisha, ukashangaa mchezo umekubali neno ambalo hukulijua. Ubaya wake ni huohuo. Kamusi ya mchezo wa namna hii imejaa maneno ambayo Mjapani wa mtaani hayatumii, na mwanafunzi hana njia ya kujua lipi ni la sokoni na lipi ni la kamusini.

Wordle, ule mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano, iliposhika dunia mwaka 2022, Wajapani walipata ya kwao, ことのはたんご, Kotonoha Tango, yenye neno la kana tano. Ile ya Kiingereza hukupa nafasi 6 za kubahatisha. Hii hukupa 10. Sababu ni hesabu tu. Herufi za Kiingereza ni 26, ila kana, ukihesabu na zile zenye vidoti vya kugeuza ka kuwa ga au ha kuwa ba, na kiduara cha kugeuza ha kuwa pa, ni 71, na bado hujahesabu zile ndogo. Kila jaribio linafagia eneo dogo zaidi. Ukifikia kiwango cha kucheza huo mchezo bila kamusi, hukuhitaji makala hii.

Neno kwa wapenzi wa mafumbo ya kujaza miraba: kwa desturi, kana ndogo huandikwa kubwa humo. Gakkō, shule, ambayo kawaida ni がっこう, kwenye miraba inakuwa がつこう. Wajapani hawaoni shida yoyote. Mwanafunzi anaweza kuondoka na neno "gatsukou" ambalo halipo.

Kanji, penye msitu

Orodha ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa na serikali ya Japani mwaka 2010, ina alama 2,136. Shule za msingi hufundisha 1,026 kati ya hizo kwa miaka sita: 80 darasa la kwanza, 160 la pili, 200 la tatu, na kuendelea. Mtoto huyo anaishi Japani, anazungumza Kijapani, na ana mwalimu mbele yake. Ukikutana na tangazo la programu linalokuahidi kanji 2,000 kwa miezi mitatu, jiulize neno "kujua" humo limetumika kwa maana gani.

Gemu nyingi huanza na michoro. 木 ni mti. Miti miwili, 林, ni kichaka cha miti. Mitatu, 森, ni msitu. Inapendeza, na mtu anahisi ameshapata ufunguo. Kisha anafika kwenye 時, wakati, na michoro inamtupa, kwa sababu humo kuna jua, 日, na hekalu, 寺. Hekalu linahusiana nini na wakati? Halihusiani. Limewekwa kwa ajili ya sauti yake, ji. Upande mmoja unadokeza maana, upande wa pili unadokeza matamshi. Ndivyo ilivyoundwa sehemu kubwa ya kanji. Mfano ulio safi zaidi ni 同, dō. Iweke pembeni ya 金, alama ya metali, upate 銅, shaba, inayosomwa dō. Iweke pembeni ya alama ya maji upate 洞, pango, dō. Iweke na alama ya mwili upate 胴, kiwiliwili, dō. Gemu inayokuonyesha kwamba 銅, 洞 na 胴 ni ndugu wa sauti imekupa kitu utakachokitumia kwa mamia ya alama nyingine. Inayokutungia hadithi ya kuchekesha kwa kila alama pekee imekupa msaada wa alama moja.

Halafu kuna usomaji. Alama moja ina angalau sauti mbili mara nyingi: iliyokuja nayo kutoka China, na neno la Kijapani lililobandikwa juu yake. Tazama Jumapili, 日曜日, nichiyōbi. Alama ya kwanza na ya mwisho ni moja, 日. Mwanzoni inasomwa nichi, mwishoni bi. Ikisimama peke yake ni hi, jua au siku. Ikiungana na 今 inakuwa 今日, kyō, leo, ambapo huwezi hata kuonyesha ni sehemu gani ya sauti inatoka kwa 日. Sasa gemu inapokuuliza "日 inasomwaje?" na kukupa jibu moja sahihi, imekudanganya kidogo. Swali halali ni: inasomwaje katika neno hili?

Hapa Wajapani wana fumbo lililo bora kuliko gemu nyingi za kigeni nilizowahi kuziona. Linaitwa kwa jina la sarafu, 和同開珎, wadōkaichin, iliyotengenezwa mwaka 708, yenye tundu la mraba katikati na alama nne kulizunguka. Kwenye fumbo unapewa kanji nne, juu, chini, kushoto na kulia, pamoja na mishale, na unatakiwa kupata moja ya katikati itakayotengeneza maneno manne. Tuseme juu ni 大, kubwa, na kushoto ni 入, kuingia, mishale ikielekea katikati. Kulia ni 校 na chini ni 生, mishale ikitoka katikati. Jibu ni 学, kujifunza. Pata sasa maneno: 大学, daigaku, chuo kikuu. 入学, nyūgaku, kujiunga na shule. 学生, gakusei, mwanafunzi wa chuo. 学校, gakkō, shule. Kwa fumbo moja umeiona 学 ikija nyuma ya neno na mbele ya neno, umejifunza maneno manne ambayo kila mtu anayatumia, na umeshuhudia gaku ikimezwa na kuwa gak' ilipokutana na k ya kō. Hakuna orodha ya "学 = kujifunza" itakayokuonyesha hilo. Mafumbo ya aina hii yamo kwenye simu kwa wingi, kwa Kijapani tupu. Mwenye kanji mia mbili au mia tatu anaweza kuanza kuyagusa akiwa na kamusi pembeni.

Gemu inataka urudi leo

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijikaririsha silabi zisizo na maana, akapima anavyozisahau, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa hupotea mapema, kisha upotevu unapungua kasi. Kurudia kitu kwa vipindi vinavyozidi kurefuka hukifanya kidumu. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliongeza jambo la pili. Waliwapa wanafunzi matini. Baadhi wakaisoma tena na tena, wengine wakajipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima waliwaacha.

Zile dakika tano ndizo gemu nyingi zinazokuuzia. Umejifunza maneno kumi, unaulizwa hayohayo kumi papo hapo, unayapata yote, nyota zinamwagika. Kumbukumbu ingependa uulizwe kesho, kisha baada ya siku nne, kisha baada ya wiki mbili, wakati neno linakaribia kuponyoka. Lakini mwenye gemu anahitaji ufungue programu leo na kesho na keshokutwa, kwa sababu matangazo yanalipwa kwa kutazamwa. Ule msururu wa siku usiotakiwa kukatika unapima uaminifu wako kwa programu. Haupimi Kijapani. Nimewaona watu wanaolinda msururu wao kwa kucheza somo la kwanza la hiragana saa tano na dakika hamsini usiku ili tu siku isipite.

Ndiyo sababu wanaosoma kwa dhati huishia kwenye kadi za marudio, ambazo hazina raha ya gemu. Inayotumika sana ni Anki, iliyotolewa mwaka 2006 na Damien Elmes alipokuwa mwenyewe akijifunza Kijapani; jina lake, 暗記, ni Kijapani cha kukariri. Kwenye Android ni bure na haihitaji intaneti ukishapakua kadi, jambo ambalo anayenunua bando la siku analielewa. Inakuuliza neno pale tu ratiba inaposema umekaribia kulisahau. Inachosha. Mimi ningeichukua hiyo kwa dakika kumi na tano, kisha gemu kwa muda wowote unaobaki, kuliko kinyume chake.

Kiingereza katikati

Programu nyingi za Kijapani zinadhani unajua Kiingereza. Kwa wengi wetu hilo linawezekana, ila lina gharama ambayo watu hawaioni. Zingatia chakula. Kijapani kina ine, 稲, kome, 米, na gohan, ご飯. Programu itakupa tafsiri moja ya Kiingereza kwa yote matatu, kisha iongeze maelezo marefu kuhusu shambani, ghalani na mezani. Mswahili anahitaji maneno matatu tu: mpunga, mchele, wali. Hakuna cha kueleza. Ndugu nao ni hivyo. Ani na otōto, 兄 na 弟, kaka mkubwa na mdogo wa kiume, kwa Kiingereza yote ni neno moja lenye kivumishi. Kwetu huwezi kukaa nyumbani bila kujua nani mkubwa na nani mdogo. Na otsukaresama, wanayoambiana wafanyakazi jioni, hutafsiriwa kwa sentensi ambazo hakuna Mwingereza anayezisema. Sisi tunasema pole na kazi.

Upande wa pili pia upo. Sisi tunavaa kila kitu: shati, viatu, kofia. Mjapani hukiru shati, huhaku viatu na suruali, na hukaburu kofia, vitenzi vitatu, na huko Kiswahili hakisaidii. Wakati wa kuhesabu, vitu virefu vyembamba vina kihesabio chake, bapa vina chake, wanyama wadogo chao. Aliyekulia kwenye ngeli hashangai kwamba namba inabadilika kufuata kitu, ingawa kazi ya kukariri ippon, nihon, sanbon (kimoja, viwili, vitatu vya vitu virefu) inabaki palepale.

Kwa hiyo kama unatengeneza kadi zako, andika upande wa pili kwa Kiswahili. Inachukua muda kidogo zaidi na inaokoa mwingi baadaye.

Nje ya skrini

Japani imejaa kwenye barabara za Dar es Salaam na Mombasa, ndani ya magari yaliyotumika. Fungua kifuniko cha tangi la mafuta uone stika. Ikiwa imeandikwa レギュラー, regyurā, ni petroli ya kawaida. Ikiwa 軽油, keiyu, ni dizeli: 軽 ni nyepesi, 油 ni mafuta. 軽 hiyohiyo ndiyo inayowapa jina vigari vidogo vya kei. 無鉛 ni bila risasi, alama ya kukosekana ikifuatiwa na ya madini yenyewe. Na yule mama anayezungumza kila ukiwasha gari, ambaye madereva wengi wamemzoea kama sauti ya injini, mara nyingi analalamika kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, kādo ga sōnyū sarete imasen. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kule. Ukimsikia kādo, umeshapata neno la katakana bila kufungua simu.

Mtihani rasmi wa Kijapani, JLPT, wenye ngazi tano tangu 2010 kutoka N5, ya chini kabisa, hadi N1, ya juu kabisa, una maswali ya kuchagua majibu matupu. Hakuna kuandika kwa mkono wala kuzungumza. Kwa hiyo aliyezoea gemu za kuchagua anajiandaa vizuri kuliko wanavyodhani wanaozibeza, na anaweza kupata cheti cha N3 huku akishindwa kuandika anwani yake kwa kalamu. Wajapani wenyewe wana jina la kujidhihaki kwa tatizo hilo, wāpuro baka, zuzu wa mashine ya kuchapia, yaani mtu anayesoma kanji zote lakini mkono umesahau.

Mwisho, jambo la kiufundi linalowapotosha watu bila wao kujua. Kwenye kompyuta na simu, kanji za Kijapani na herufi za Kichina zinazolingana nazo zimepewa namba moja, na ni fonti inayoamua sura ipi ionekane. Simu iliyowekwa Kiswahili au Kiingereza, isiyojua unataka ipi, mara nyingi huchukua ya Kichina. Alama kama 直 na 骨 zitaonekana kwa umbo ambalo kitabu cha Kijapani hakina, nawe utakariri hilo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya lugha, ongeza Kijapani kiwe cha pili chini ya Kiswahili, kisha izime na kuiwasha upya. Hapohapo pia ndipo utakapoongeza ile kibodi ya kutelezesha kidole.